Mkopo wa Bodi au korosho za baba? Jibu kwa binti wa Masasi anayetaka shahada ya usimamizi wa afya

SWALI: Shikamoo mama. Nina miaka 24, naishi Masasi kwa wazazi wangu. Miaka mitatu iliyopita nilimaliza stashahada ya kumbukumbu na taarifa za afya, na sasa nafanya kazi hospitali ya dini, kitengo cha kumbukumbu na madai ya bima. Mshahara wangu ni shilingi 420,000 kabla ya makato, na ndio unaosomesha wadogo zangu wawili. Nataka kwenda Mzumbe kusoma shahada ya usimamizi wa mifumo ya afya, miaka mitatu. Wenzangu waliokopa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu wananitisha, wanasema mshahara wao unaliwa na makato na hawaoni mwisho wake. Baba hataki nikope Bodi. Anasema kuna mtu yuko tayari kumpa hela sasa hivi kwa korosho za msimu ujao, na zisipotosha ataweka rehani shamba. Naomba ushauri: shahada hii italipa deni lake? Na kati ya madeni hayo mawili, lipi nafuu?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na swali lako la mwisho, maana hilo halihitaji kuzunguka. Deni la Bodi ni nafuu kuliko la baba, tena kwa mbali sana. Shamba lisiguswe, na korosho zisiuzwe zikiwa bado maua. Swali la kwanza ndilo gumu. Shahada hii inaweza kulipa, lakini inalipa kwa yule anayepata nafasi ya kazi yenye jina lake. Na gharama yake kubwa kuliko zote haimo kwenye karatasi za Bodi kabisa. Nitakuonyesha ilipo.

Kwanza hilo deni linalokutisha. Wenzako hawakudanganyi kuhusu ukubwa wa makato. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2016, mwajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara wake, badala ya asilimia 8 ya zamani, na aliyekuwa kazini wakati ule aliyahisi mabadiliko hayo mwezi huohuo. Ila habari ya deni lisiloisha inatokana zaidi na tozo ya kutunza thamani ya mkopo, asilimia 6 kila mwaka juu ya deni. Tozo hiyo ndiyo iliyofanya watu wakatwe miaka mingi na wakiangalia salio waone limepungua kidogo sana. Rais Samia alitangaza kuifuta siku ya Mei Mosi mwaka 2021. Ile adhabu ya asilimia 10 kwa waliochelewa kuanza kulipa nayo iliondolewa mwaka huo. Anayekopa leo analipa alichokopa, na juu yake ada ya uendeshaji ya asilimia 1, mara moja tu. Hakuna benki, kikoba wala mkopeshaji wa kwenye simu atakayekupa masharti hayo.

Tuweke namba. Ninazotumia ni za mfano, zako utazipanga mwenyewe ukishapata barua ya mkopo. Hela ya chakula na malazi, ambayo wanafunzi wanaiita bumu, tuihesabu kwa shilingi 10,000 kwa siku na mwaka wa masomo wa siku 240. Hiyo ni 2,400,000 kwa mwaka. Tuongeze milioni moja ya ada ambayo Bodi imekubali kulipa, na laki mbili za vitabu. Kwa mwaka ni 3,600,000, kwa miaka mitatu ni 10,800,000. Ongeza asilimia 1, deni linakuwa 10,908,000.

Sasa tuseme umeajiriwa serikalini kwa mshahara wa shilingi 800,000. Mfuko wa pensheni wa PSSSF unachukua asilimia 5, yaani 40,000. Kodi ya mapato juu ya 760,000 iliyobaki ni 68,000. Bima ya afya asilimia 3, ni 24,000. Chama cha wafanyakazi asilimia 2, ni 16,000. Bodi asilimia 15, ni 120,000. Jumla ya makato ni 268,000 na mkononi unabaki na 532,000. Kwa 120,000 kila mwezi, deni linakwisha kwa miezi 91, yaani miaka saba na nusu. Mshahara ukipanda, makato yanapanda na miaka inapungua. Kama ile tozo ingekuwapo bado, mwaka wa kwanza peke yake ungedaiwa zaidi ya 640,000 za nyongeza, na wewe mwaka mzima umekatwa 1,440,000. Karibu nusu ya jasho lako ingekwenda kwenye tozo. Hivyo ndivyo wenzetu waliotangulia walivyoumia, na ndiyo maana hofu yao imebaki mitaani hata baada ya kanuni kubadilika.

Miaka saba na nusu ya kukatwa laki na ishirini si jambo dogo, lakini ni deni lenye mwisho unaoonekana, na halina shamba nyuma yake.

Sasa tuje kwa baba, na hapa naomba umsomee maneno haya kwa upole, kwa sababu anachofanya ni mapenzi. Mtu anayetoa hela leo kwa korosho ambazo bado hazijaanguka ni mnunuzi wa kangomba, na baba anajua kwamba Serikali imepiga marufuku biashara hiyo. Lakini tuache sheria kidogo, tuangalie hesabu. Tuseme anapewa 1,500 kwa kilo leo, na mnada wa Oktoba ukafika 3,000. Baba atakuwa amekopa 1,500 na kurudisha 3,000 ndani ya miezi michache. Ni riba ya asilimia 100, wakati Bodi inataka asilimia 1. Tena mwaka unaofuata, mikorosho ikianza kuhitaji dawa ya salfa na palizi, hela haipo. Mzee anarudi kwa mtu yuleyule kuuza maua mengine. Nimeona nyumba za huku kusini zilizoingia hivyo kwa ajili ya ada ya mtoto mmoja, na mtoto akahitimu, na shamba likawa limeshahamia kwa mwingine. Rehani ndiyo mbaya zaidi. Wewe ukikosa kazi miaka miwili, Bodi haiwezi kuja kung'oa mikorosho ya Masasi. Aliyeshika rehani anaweza kuichukua yote.

Kuna njia halali ya baba kusaidia, na inaendana vizuri na kalenda yetu. Vyuo vikuu hufungua mwaka wa masomo kwenye Oktoba na Novemba. Minada ya korosho nayo huanza Oktoba. Korosho zikipelekwa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, na kuuzwa mnadani kwa stakabadhi ghalani, malipo yake yanakuja wakati uleule chuo kinapodai sehemu ya ada ambayo Bodi haikukulipia. Yanaweza kuchelewa, ndiyo. Wanaokumbuka msimu wa 2018, Serikali ilipotangaza kununua kwa 3,300 kwa kilo na kisha kufanya uhakiki wa wakulima, wanajua namna malipo yanavyoweza kusubiriwa. Kwa hiyo uwe na akiba yako ya muhula wa kwanza, za baba ziwe za kujazia muhula wa pili.

Sasa ile gharama niliyosema haimo kwenye karatasi za Bodi. Ni mshahara unaouacha. Leo 420,000 yako, ukitoa asilimia 10 ya NSSF, kodi ya 8,640 na bima ya 12,600, inabaki kama 356,000. Miaka mitatu bila hela hiyo ni karibu milioni 12.8. Angalia vizuri: ni kubwa kuliko deni lote la Bodi. Bumu sijaliondoa humo, kwa sababu litaishia kwenye chumba na chakula cha Morogoro, vitu ambavyo leo ukiwa kwa wazazi huvilipii. Na ada za wadogo zako wawili haziwezi kutoka kwenye bumu. Hapo ndipo mipango ya wengi inapokatikia, mwaka wa pili, mdogo aliyebaki nyumbani anapofukuzwa shule kwa kukosa ada na aliyeko chuo anaanza kukopa kwenye simu.

Kazi ya 800,000 ikikupata mara tu unapohitimu, tofauti na mshahara wa sasa ni 176,000 kila mwezi wakati unakatwa na Bodi. Utahitaji miaka sita na kidogo kazini kufidia ile milioni 12.8. Ukiwa na miaka 33 hivi umesharudisha, na kuanzia hapo ni faida, tena inaongezeka deni likiisha kwa sababu tofauti inafika 296,000. Kama ukisubiri kazi miaka miwili, shimo linakuwa milioni 21 na zaidi, na kulifukia kunachukua miaka tisa ya kazi. Hapo una miaka 38. Sijasema ni vibaya. Miaka 38 ni umri mdogo, na baada yake una zaidi ya miaka ishirini ya utumishi. Ila uone mwenyewe kwamba kusubiri kazi miaka miwili kunakugharimu zaidi ya nusu ya mkopo wenyewe. Kwa hiyo badala ya kuniuliza deni ni kiasi gani, ningependa uniulize nafasi za kazi ziko wapi na ni ngapi.

Serikalini, nafasi inayoendana na shahada hii ni ya katibu wa afya. Unamjua, ndiye anayeshughulika na watumishi, vikao, mipango na uendeshaji chini ya mganga mkuu, wilayani au hospitalini. Ni kazi nzuri na ya heshima. Lakini tazama wingi wake. Mtwara ina halmashauri tisa: Manispaa ya Mtwara, Mtwara Vijijini, Nanyamba, Tandahimba, Newala mbili, Masasi mbili na Nanyumbu. Lindi ina sita: Manispaa ya Lindi, Mtama, Kilwa, Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Jumla kumi na tano. Ongeza hospitali za rufaa za mikoa, Ligula na Sokoine, na ile ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, na ofisi za mikoa. Muuguzi anahitajika kila zahanati ya kila kata. Zahanati haina katibu wa afya. Hospitali nzima inaweza kuwa na makatibu wachache tu, na aliyekalia nafasi hiyo leo huenda bado kijana. Wahitimu wa uuguzi na wa usimamizi wakitoka siku moja, hawasimami kwenye foleni moja.

Kwa hiyo kabla hujajaza fomu yoyote, nenda ofisi ya katibu wa afya wa halmashauri yako. Mwamkie, mweleze unachotaka, kisha umuulize kuhusu ikama: nafasi za kada yake zilizoidhinishwa ni ngapi, zilizojazwa ni ngapi, na anayetarajiwa kustaafu hivi karibuni yupo? Fanya hivyo Masasi, na ukipata safari ya Mtwara, fanya hivyo Ligula. Halafu ingia kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira, usome matangazo ya miaka ya karibuni ya kada hiyo: sifa gani zilitakiwa, nafasi zilikuwa ngapi. Hakikisha jina la shahada unayoitaka limo kwenye sifa zinazotajwa. Kazi hiyo haikugharimu zaidi ya nauli na vocha, na itakuambia mengi kuliko mimi.

Upande mwingine upo, na kwako wewe naona ndio wenye matumaini zaidi. Ni hospitali zisizo za Serikali. Kanda yetu ina hospitali kubwa za dini, Ndanda na Nyangao mbele yao, na sheria ya bima ya afya kwa wote iliyopitishwa mwaka 2023 inaelekeza kila mkazi awe na bima. Wanachama wakiongezeka, kila hospitali itaishi kwa madai. Wewe upo kwenye madai tayari. Unajua fomu iliyokosa saini ya daktari inavyorudi, unajua huduma iliyotolewa na haikuandikwa haimlipi mtu. Hospitali inapoteza fedha kwa makosa madogo kama hayo, na mtu anayeweza kuyazuia, akawa pia anasoma taarifa ya mapato na matumizi na kuongoza watumishi, huyo anatafutwa. Mhitimu aliyetoka sekondari moja kwa moja kwenda chuo ana cheti kama chako, ila hana hayo. Usiyachukulie poa.

Sasa kuna jambo la masharti ambalo lingekukwamisha. Miongozo ya Bodi humtaka mwombaji asiwe na ajira au mkataba unaompa mshahara, na huwaangalia waliohitimu kidato cha sita au stashahada ndani ya miaka mitano. Mwongozo hutoka kila mwaka, kwa hiyo usome ule wa mwaka wako, lakini kwa masharti hayo wewe una kama miaka miwili dirisha halijafungwa, na huwezi kuomba mkopo huku jina lako limo kwenye orodha ya mishahara. Utalazimika kuacha kazi kwanza, na usiache mpaka umejua unakwenda wapi.

Ndiyo maana nataka uzungumze na mwajiri wako mapema, tena kabla ya Bodi. Hospitali za dini zimezoea kumsomesha mtumishi kwa mkataba, kwamba wao wanalipa ada au sehemu yake, wewe unarudi kuwatumikia miaka kadhaa. Huo nao ni mkopo, unaulipa kwa miaka ya kazi badala ya shilingi. Uusome neno kwa neno: utarudi kwa cheo gani, kwa mshahara gani, na ukiondoka kabla ya muda unadaiwa nini. Mkataba unaokurudisha kwenye meza ileile kwa 420,000 ileile, usiutie saini hata kama ada yote imelipwa. Mkataba unaosema utarudi kama msaidizi wa mkuu wa utawala, na mshahara umeandikwa, ni bora kuliko Bodi, kwa sababu unaondoa ile miaka ya kusubiri, na tumeona kusubiri ndiko kunakokula zaidi. Mweleze katibu wa hospitali hivyohivyo, kwa adabu, lakini umwombe akuandikie.

Wakikataa, ushauri wangu ni huu. Mwaka huu usiende. Fanya kazi mpaka msimu ujao wa maombi, weka akiba ya ada za wadogo zako kwa mwaka mmoja mzima kwenye akaunti usiyoigusa, na umwombe mkuu wako akuzungushe kwenye ofisi ya uhasibu na ya watumishi ujifunze. Kisha, ukishakubaliana na mwajiri kwamba utarudi kazini mkopo ukikosekana, acha kazi uombe chuo na Bodi kwa pamoja. Bodi ikikupa bumu na sehemu kubwa ya ada, nenda kwa moyo mweupe. Ikikupa kidogo ambacho kinamlazimisha baba kurudi kwa mtu wa kangomba, usiende. Chuo Kikuu Huria kina kituo chake Mtwara, na shahada ya utawala wa biashara unayoisoma jioni huku mshahara unaendelea kuingia ni njia ndefu lakini haina ile milioni 12.8. Ubaya wake ni kwamba kwa nafasi ya katibu wa afya serikalini usitegemee ikutoshe. Kwa hospitali ya dini inayohitaji meneja, ikichanganywa na uzoefu wako wa madai, inaweza kutosha kabisa.

Neno dogo kuhusu kipindi cha bila kazi, kama kitakuja. Bodi inampa mhitimu miezi 24 kabla ya marejesho kuanza kudaiwa. Baada ya hapo hata asiyeajiriwa anatakiwa kulipa: aliyejiajiri anapeleka mwenyewe asilimia 10 ya mapato yanayotozwa kodi, isipungue 100,000 kwa mwezi. Usijifiche. Nenda ofisini kwao ueleze hali yako. Na ukipata kazi, mwajiri mpya akikuletea afisa wa benki wiki ya kwanza na mkopo wa kiwanja, kumbuka kwamba kwa sheria ya theluthi moja, ile inayotaka mtumishi abaki na angalau theluthi ya mshahara, benki inaweza kukuachia 267,000 tu kwenye ule mshahara wa mfano. Hapo utakuwa unachukua mkononi pungufu ya unachochukua leo Masasi. Subiri angalau Bodi ipungue.

Kwa sasa anza na vitu ambavyo havina hasara upande wowote. Angalia wastani wako wa stashahada. Chini ya 3.0 mlango wa shahada unakuwa mgumu, na ni bora ujue leo. Cheti chako cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, maana Bodi inakitaka kikiwa kimehakikiwa na foleni huwa ndefu dirisha likifunguliwa. Mtafute mdhamini na kitambulisho chake. Hapo ndipo baba anapoingia: mwombe awe mdhamini wako. Atasaini, ataona kwa macho yake kwamba hakuna mahali kwenye fomu panapotaja shamba, na nadhani maneno yatakuwa mepesi zaidi nyumbani kuliko ukimwambia mimi ndiye niliyekataa.